Mark II inatetemeka ikifika 90: tafuta kwanza kinachozunguka, vifaa utanunua baadaye

#1 Fundi_Pembeni

Habari wakuu. Uzi huu ni wa mtetemo wa gari kuukuu kwenye barabara kuu. Mjini gari limetulia kabisa. Likifika 85 au 90 usukani unaanza kucheza au kiti kinakutekenya, na likivuka 115 pengine linatulia tena. Mfano wangu ni Mark II GX110, kwa sababu zimejaa barabarani, zimeshapita miaka 20, na zinasukuma kwa nyuma, hivyo zina karibu kila kitu kinachoweza kutetemesha gari. Mwenye gari la kuvuta kwa mbele asiondoke, yake nayo yapo.

Kosa namba moja ni kukimbilia alaimenti (kurekebisha pembe za magurudumu). Alaimenti ikiharibika, gari linavuta upande na tairi linalika bega moja. Haitikisi usukani. Kinachotetemesha gari ni kitu kinachozunguka ambacho hakipo sawa kwa uzito au kwa umbo. Bushi, boljointi na shokapu hazizunguki. Zikichoka zinaukuza mtetemo uliozaliwa kwingine, ndiyo maana mtu anabadilisha bushi zote za mbele, gari linapoa kidogo, halafu baada ya mwezi shida ni ileile.

Hesabu ndogo itawasaidia. Tairi la 195/65R15 linatembea karibu mita 1.95 kwa mzunguko mmoja. Kwa 100 km/h gurudumu linazunguka mara 14 hivi kwa sekunde. Propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), kama difu yako (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) ina uwiano wa 4.1, inazunguka mara 58 kwa sekunde. Huo wa gurudumu mkono unausikia kama mtikisiko, karibu uuhesabu. Wa propela hauhesabiki: ni mvumo, sakafu inawasha nyayo, kioo cha ndani kinaonyesha picha yenye ukungu. Ukishajua ni mtikisiko au ni mvumo, nusu ya gari umeshaiondoa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Na kwa nini unakuja 90 na kupotea 115? Gurudumu lenyewe, likiwa linaning'inia kati ya springi na upepo wa tairi, lina mdundo wake wa asili, kwa kawaida kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Kasi ya gurudumu ikigongana na mdundo huo, kosa dogo linakuwa kubwa. Ukipita hapo mtetemo unapungua, lakini kosa bado lipo palepale.

#2 Difu_Kavu

Uzi mzuri mkuu. Niongeze vipimo vya barabarani, maana hivyo ni bure na watu wanaviruka. Tafuta barabara tambarare, iliyonyooka, isiyo na magari, na nje ya vibao vya 50. Jamaa wa tochi (polisi wa kupima kasi) hawana muda wa kusikiliza habari za uchunguzi.

Fika kasi ambayo mtetemo ni mkubwa zaidi, tuseme 95, uishike hapo. Zima O/D (overdrive, yaani gia ya nne). Kwenye gia ya nne injini ilikuwa inazunguka karibu 2,350 kwa dakika. Ukishuka gia ya tatu itapanda hadi 3,350 hivi, lakini magurudumu na propela havijabadilika hata kidogo. Mtetemo ukibaki vilevile, injini haihusiki. Ukibadilika pamoja na mlio wa injini, nenda kwenye mauntingi (mipira inayoshikilia injini), plagi na koili. Injini inayomisi kidogo huwa inajificha mjini na kujitokeza kwenye mlima kwa gia kubwa.

Kipimo cha pili: rudisha O/D, kisha kwa kasi ileile sogeza mkono wa gia kutoka D kwenda N, sekunde chache tu. Kama mkono una kitufe usikibonyeze, kutoka D kwenda N hakihitajiki, na ndicho kinachokukinga usipitilize hadi R. Injini usiizime, utapoteza msaada wa usukani na wa breki. Mtetemo ukiendelea na injini iko sailensa (mzunguko wa chini kabisa), unatoka kwenye magurudumu, propela au difu. Ukikatika ghafla, tatizo linahitaji nguvu ya injini ili lionekane: mauntingi, krosi iliyolegea (kiungo cha propela kinachojikunja), au shafti kwa gari la kuvuta mbele.

Cha tatu ni kukanyaga mafuta, kuachia, kukanyaga, kuachia, bila kubadilisha kasi sana. Tairi bovu halijali kama umekanyaga au umeachia. Cha nne ni breki ya taratibu kutoka 100 hadi 60. Usukani ukicheza wakati wa breki peke yake, hamia kwenye diski.

Andika majibu yote kwenye karatasi kabla hujafika gereji. Ukifika na neno moja tu, "inatetemeka", utauziwa chochote.

#3 Rimu_Chafu

Hapo kwenye magurudumu tukae kidogo, kwa sababu mengi yanaishia hapo.

Anza na macho. Geuza usukani hadi mwisho, ingiza tochi ya simu nyuma ya rimu. Matope yaliyokauka ndani ya rimu baada ya barabara ya vumbi iliyonyeshewa yanafikisha gramu 100 bila taabu. Tafuta pia alama safi ya mstatili kwenye rimu: hapo palikuwa na risasi ya balansi (kipande cha uzito) na imedondoka. Gramu 30 zinaonekana si kitu, lakini pembeni mwa rimu ya inchi 15, kwa 100 km/h, zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo nne na nusu, mara 14 kila sekunde. Kwa 50 km/h nguvu hiyo ni robo yake. Ndiyo sababu mjini huioni.

Halafu tairi lenyewe. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi la mtumba lenye kashata (meno ya tairi) nzuri linaweza kuwa limekufa ndani. Nyanyua gurudumu, weka kipande cha mbao au bisibisi kwenye stendi karibu na kashata bila kugusa, zungusha kwa mkono taratibu. Pengo likibadilika zaidi ya milimita moja na nusu, tairi au rimu si duara. Rudia ukielekeza bisibisi kwenye kingo ya rimu ili ujue ni ipi kati ya hizo mbili.

Kiganja kipitishe juu ya kashata. Ukisikia kinundu au sehemu inayopanda, nyaya za ndani zimeachana. Tairi la hivyo halibalansiwi wala halirudishwi nyuma "limalizikie huko". Linatolewa, maana hatua inayofuata ni kupasuka. Dalili yake ya mapema ni gari kuyumba kwa 20 hadi 40 km/h kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi, kisha kwa mwendo mkubwa inageuka kuwa mtetemo.

#4 Nakuru_Spanner

Salamu kutoka Nakuru. Hapa kwetu mtu anafanya balansi mara tatu na gari bado linatetemeka, kisha makanika anasema "mashine imeonyesha sifuri". Hiyo sifuri ina maana gani kweli?

#5 Rimu_Chafu

Ndugu, sifuri ya mashine ni sifuri ya jinsi rimu ilivyofungwa kwenye mashine. Ipime hivi mbele ya fundi: akimaliza na kuonyesha sifuri, mwambie alegeze nati, azungushe rimu nusu duara kwenye shafti ya mashine, akaze, azungushe tena. Isomeke chini ya gramu 10. Ikisoma 25 au 30, koni (kipande cha mashine kinachoingia kwenye tundu la rimu) haikuikamata rimu katikati, na kila balansi anayofanya anabalansi makosa ya kuifunga. Mara nyingi dawa ni koni iingie kwa upande wa nyuma wa rimu, ule unaokaa kwenye habu (kitovu cha gari kinachobeba rimu), na shingo ya tundu isiwe na kutu wala rangi.

Jambo jingine, mashine nyingi huficha makosa madogo: chini ya gramu tano au saba zinaandika 0. Kuna kitufe cha kuonyesha uzito halisi, mwambie akibonyeze. Toyota inataka kisichozidi gramu 8 kibaki baada ya balansi. Na risasi ziwekwe pande zote mbili za rimu, ndani na nje. Mtu akibandika upande mmoja tu ili rimu ipendeze, mruko wa juu na chini unaisha, ila ule wa kupepea kulia na kushoto unabaki. Huo ndio usukani unaousikia.

#6 Fundi_Pembeni

Hapohapo kwenye tundu la katikati kuna ugonjwa mkubwa wa Mark II zetu: rimu za kubadilisha. Habu ya Toyota hii ni milimita 60.1, nati tano kwenye duara la milimita 114.3. Rimu za Nissan nazo ni 5x114.3 lakini tundu ni 66.1. Inaingia vizuri, nati zinakaza, lakini kuna karibu milimita 3 kila upande ambazo hakuna kinachozishika. Rimu nyingi za dukani ni 73.1, mbaya zaidi. Mashine ya balansi inaikamata rimu kwa tundu lake, gari linaikamata kwa nati, na vituo hivyo viwili havilingani. Utabalansi hadi uzeeke.

Dawa ni ringi za habu, 73.1 kwa 60.1 au 66.1 kwa 60.1 kulingana na rimu yako. Nne. Za plastiki ngumu zinafaa, za aluminiamu zinadumu. Kama huzipati mjini kwako, fundi wa lezi (mashine ya kuchonga chuma) anazichonga, mpe vipimo kwa kaliper na si kwa makadirio.

Angalia na nati. Baadhi ya rimu orijino za Toyota zinatumia nati yenye shingo na washa bapa; rimu nyingi za dukani zinataka nati ya koni. Ukiweka ya koni kwenye tundu la washa, inakamata kwa ukingo mwembamba tu, rimu inakaa pembeni na baadaye nati zinalegea zenyewe.

#7 BushiMpya

Kwa hiyo boljointi na tairodi mnazitupa kabisa? Mimi naona zimesingiziwa tu hapa.

#8 Difu_Kavu

Hakuna anayezitupa mkuu, tunazipa nafasi yake. Zipime, ila zipime sawasawa. Mbele ya GX110 springi imekaa juu ya loa amu (mkono wa chini), hivyo ukinyanyua gari kwa chasisi boljointi ya chini inabaki imebanwa na inaonekana nzima. Weka jeki chini ya loa amu yenyewe, karibu na boljointi, ndipo italegea na kusema ukweli. Gari lenye strati (springi na shokapu pamoja), kama Corolla, ni kinyume: nyanyua kwa chasisi gurudumu lining'inie.

Shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea ilikuwa beringi ya gurudumu. Ukibaki ni boljointi. Shika kushoto na kulia: hapo ni tairodi endi au reki ya usukani. Beringi ina ushahidi wa ziada, inanguruma na mlio unabadilika ukiyumbisha gari kidogo kulia na kushoto kwa 80.

Ukikuta kimelegea, badilisha kwa ajili ya usalama, hiyo haina mjadala. Usitegemee tu kwamba tairi la mviringo mbaya litapona kwa sababu ya boljointi mpya.

#9 Nakuru_Spanner

Sawa nimeelewa. Na breki? Kuna gari linaanza poa kabisa, baada ya kilomita kama 20 ndipo linatetemeka.

#10 Rimu_Chafu

Kalipa (kinachobana pedi za breki) imeganda hiyo, au pini zake zimekauka grisi. Pedi haiachii diski, diski inapata moto, mtetemo unakuja bila hata kugusa breki. Simama bila kufunga breki kwa nguvu, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa inaunguza kuliko ya upande wa pili, umeipata. Toa pini, safisha, paka grisi maalumu ya breki, angalia kama mpira wa kuzuia vumbi wa pistoni umechanika. Grisi ya kawaida inavimbisha mpira, usiiguse.

Diski yenyewe, ile inayocheza wakati wa breki tu, watu wanasema "imepinda". Mara nyingi haijapinda, ni unene wake haulingani. Pima kwa maikromita sehemu nane kuizunguka. Tofauti ya milimita 0.02 mguu tayari unaisikia. Geji ya saa (kipimo chenye mshale) ikiwa imefungwa pale, mpepeo usizidi milimita 0.05. Ukizidi, toa diski, sugua kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya, rudisha ukiwa umeihamisha tundu moja, pima tena. Kabla ya kuipeleka lezi soma unene wa chini uliochapwa kwenye diski; kama baada ya kukatwa itashuka chini ya hapo, nunua mpya, na ununue jozi.

#11 Propela_Mbili

Mmefika nyuma kwa kuchelewa, basi niingie. Kama usukani umetulia na kinachovuma ni sakafu na kiti, na hakijali tairi lipi liko wapi, tunaenda chini ya gari.

Lakini kwanza hamisha matairi, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mtetemo ukihama kutoka kwenye kiti kwenda kwenye usukani, rudi kwa Rimu_Chafu. Usipohama, sasa propela.

Propela ya Mark II ni vipande viwili na katikati ina senta beringi iliyokaa ndani ya mpira. Shika propela karibu na beringi, isukume juu na chini. Mpira unaruhusiwa kunesa kidogo. Ukiona umechanika au propela inagonga fremu yake, umekwisha. Unapofunga mpya usikaze boliti zake hadi mwisho kwanza. Funga flenji zote (sahani za boliti zinazounganisha propela), hakikisha beringi imesimama wima na propela, haijavutwa mbele wala nyuma, ndipo ukaze. Ikikazwa ikiwa imevutwa, mpira unakufa mapema na mvumo unabaki.

Krosi: shika pande zake mbili na uzisokote kinyume. Usisikie "tak" hata ndogo. Zikiwa nje, zikunje kwa mkono pande zote; ikikwama katikati kama inaingia kwenye shimo, sindano (roli nyembamba za beringi yake) zimechimba. Krosi nyingine hazina saklipu (pete za kuzishikilia), zimepigwa kiwandani kwenye masikio ya propela. Hizo mwenye nyundo asizisogelee, zinahitaji lezi na mtu anayejua kuzirudisha katikati, au propela nyingine.

Kosa linaloundwa gerejini kila siku: propela inashushwa bila alama. Kabla ya kulegeza boliti ya kwanza, piga mstari wa rangi kwenye flenji ya difu, ya katikati, na mahali vipande viwili vinapoingiliana. Masikio ya krosi ya pande mbili za kipande kimoja lazima yalingane. Yakirudishwa jino moja kando, gari lililokuja kwa ajili ya sili ya gia boksi linaondoka na mvumo ambao halikuwa nao.

Bomba lenyewe likiwa limepigwa na jiwe au limejikunja, zungusha na geji ya saa katikati yake. Toyota inakubali milimita 0.8. Likizidi hapo, hakuna balansi itakayookoa.

#12 BushiMpya

Na aliyeshusha gari kwa springi fupi? Pembe ya propela si inaharibika?

#13 Propela_Mbili

Kwa Mark II hapana. Difu imefungwa kwenye subfremu, haishuki na magurudumu. Ukishusha gari unabadilisha pembe za shafti fupi za pembeni, si za propela. Angalia mauntingi za difu badala yake. Zikichoka, difu inainua pua ukikanyaga mafuta na ndipo pembe inaharibika, kwa mtindo wa kuvuma ukiongeza mwendo na kutulia ukiachia.

Pembe inaharibika kweli kwenye Hiace, Hilux na ndugu zao wenye ekseli ngumu na springi za majani. Anayenyanyua Hilux kwa kuongeza bloku ajue hilo. Na hizo krosi zake zenye nipo (tundu la kutilia grisi), zipewe grisi hadi itoke pande zote nne za krosi. Ikitoka tatu tu, ya nne imekauka na ndiyo itakayoua.

Kwa mwenye propela nzima kwa vipimo vyote lakini inavuma, na mjini kwake hakuna mashine ya kubalansi propela, kuna njia ya klipu ya mpira wa rejeta. Chora alama nne kwa chaki kwenye bomba karibu na difu, funga klipu moja kichwa chake kikiwa alama ya kwanza, kata mkia uliozidi, endesha. Hamisha hadi alama ya pili, endesha, hivyo hivyo hadi ya nne. Acha kwenye alama iliyotulia zaidi. Kama uzito haujatosha ongeza klipu ya pili hapohapo. Ukiwa umezidi, tenganisha vichwa viwili kidogo kidogo kama herufi V. Jaribu barabarani, si kwa kunyanyua gari na kuingiza gia huku mtu yuko chini.

#14 Difu_Kavu

Kuna mmoja anayechanganya watu sana: mtetemeko wa lokapu (klachi ya ndani inayofunga injini na gia boksi pamoja) kwenye gia boksi ya otomatiki. Unakuja kwa 60 hadi 80, ukiwa umekanyaga mafuta kidogo sana, kama gari linapita juu ya matuta madogo ya rasta kwa sekunde mbili tatu. Watu wanabalansi matairi kwa ajili yake! Kipimo: ukiwa ndani ya mtetemo huo, shikilia mafuta na kwa mguu wa kushoto gusa breki kidogo tu, taa zake ziwake. Swichi ya breki inafungua lokapu. Mtetemo ukikatika papo hapo, tairi halina hatia. Anza na mafuta ya gia boksi ya aina aliyotaka mtengenezaji, si "ya otomatiki" yoyote yaliyopo rafu.

#15 Nakuru_Spanner

Na ile ya gari la kuvuta mbele mliyoahidi?

#16 Fundi_Pembeni

Fupi. Noah mpya, Premio, Ipsum, Corolla: gari linayumba kiuno kulia na kushoto ukikanyaga mafuta, hasa mlimani ukiwa na abiria, na ukiachia linatulia. Hiyo ni jointi ya ndani ya shafti, upande wa gia boksi. Mafundi wanabadilisha ya nje kwa sababu ndiyo inayogonga kwenye kona. Ya nje inagonga, ya ndani inatikisa. Toa buti (mpira wa kufunika jointi) ya ndani uangalie kikombe: roli tatu zikiwa zimechimba mifereji, kikombe na roli zote nje. Grisi mpya peke yake itakupa wiki mbili.

#17 BushiMpya

La mwisho wakuu: nati za gurudumu tunakaza kiasi gani? Hapa mtaani wanasimama juu ya spana.

#18 Rimu_Chafu

Nyutoni-mita 103 kwa Mark II, stadi za M12 kwa 1.5. Kwa spana ya mkono wa sentimita 40 hiyo ni kusukuma kwa kilo 26 hivi. Mtu wa kilo 75 akisimama juu yake anafikia karibu mara tatu, stadi zinavutika na diski inapindishwa kwenye uso wa habu, kisha unaanza kutafuta mtetemo wa breki uliotengenezwa kwa fundi wa pancha. Nyuzi ziwe kavu, bila oili. Anza zote tano kwa mkono gari likiwa juu, kaza kidogo kwa mtindo wa nyota, shusha hadi tairi liguse chini, malizia kwa nyota. Rudia baada ya kilomita 50 hadi 100, hasa kama umeweka zile ringi za habu.